Mrija wa Nyongo Ukikatwa, Sindano Ingoje

Mwaka 1995 Stewart na Way, madaktari wa upasuaji wa San Francisco, walitoa hesabu inayostahili kubandikwa ukutani katika kila chumba cha upasuaji kilicho mbali na mabingwa. Waliwafuatilia wagonjwa waliokatwa mrija wa nyongo wakati wa kutolewa mfuko wa nyongo kwa kamera. Daktari yuleyule aliyekata aliposhona, alifanikiwa mara ya kwanza kwa asilimia 17 tu. Aliposhona bingwa wa njia za nyongo, asilimia 94. Sasa zipeleke hesabu hizo Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kutoka hapo hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na gari la wagonjwa huvuka Nile Pakwach, kisha Karuma; anayetoka Koboko ana safari ndefu zaidi. Umbali huo humshawishi daktari amalize kazi mwenyewe. Kwangu, umbali ndio sababu ya kutoshona.

Mrija mkuu una upana wa milimita chache tu. Mfuko uliovimba ukivutwa, mrija huo huinuka ukafanana na ule mdogo wa mfuko, ukabanwa na kukatwa kwa kudhaniwa ndio. Mara nyingi moto wa kifaa cha umeme umekwisha kuunguza vimishipa vinavyoulisha, hivyo ncha inayoonekana nzima leo hufa baadaye. Ukiishona, kovu hukaza, nyongo hurudi kwenye ini, macho yanakuwa manjano, homa huja na kurudi, na mwisho ini husinyaa. Matengenezo yanayodumu hufanywa juu zaidi, kwenye nyama yenye damu ya kutosha: kitanzi cha utumbo mwembamba, kwa mtindo wa Roux, huunganishwa na mrija chini ya ini. Kazi hiyo hutaka kwanza picha ya mirija yote. Arua inahitaji kitu kidogo zaidi: mpira wa kutoa nyongo chini ya ini, antibiotiki, na simu kwa bingwa.

Wapo watakaosema mgonjwa ataishiwa nguvu nyongo ikimwagika nje. Kweli, ini hutoa nusu lita hadi lita moja kwa siku, na chumvi huenda nayo. Basi arudishiwe maji na chumvi, na apewe vitamini K asije akatokwa damu. Nyongo inayotoka kwa mpira inahimilika kwa wiki kadhaa. Inayotuama tumboni huua. Tena uvujaji wa kisiki cha mrija mdogo mara nyingi hufunga wenyewe kwa mpira huohuo. Hoja nzito ni ya bingwa aliyemo chumbani wakati wa ajali: huyo na ashone papo hapo. Asiyekuwa naye aandike barua ya rufaa inayotaja bila haya siku ya upasuaji, kilichokatwa, mpira ulipo na nyongo iliyotoka kila siku.