Ujenzi Mzuri Hunyamaza

Mama anayejua kupika, sombe ikipungukiwa chumvi, huongeza chumvi. Harudi kuloweka mihogo, kuianika na kuitwanga ili apate unga wa bugali mwingine, kwa sababu bugali haukuhusika na kosa la sombe. Kutoka Kasongo hadi Lusangi na Kabambare, huku Maniema, hakuna anayehitaji kufundishwa jambo hilo. Lakini kaa siku moja karibu na watengenezaji wa programu utaona mashine zao zikirudi kuloweka mihogo kutwa nzima. Mtu kabadilisha neno moja, na kompyuta inajenga upya miradi ishirini.

Kujenga ni kugeuza msimbo ulioandikwa na mtu uwe programu inayoendeshwa na mashine. Mahali ambapo umeme unatoka kwenye sola au jenereta, kila ujenzi wa bure unakula betri ambayo ingekuandikia kazi mpya. Ndiyo maana fundi wa huku anapaswa kuwa na jicho kali kuliko mwenzake wa mjini. Hivi ndivyo ninavyopima.

Jenga mara mbili

Jenga kila kitu. Ikimalizika, usiguse chochote, jenga tena. Mara ya pili kazi nzuri hunyamaza: mashine inakagua, haioni cha kufanya, inaacha. Ikianza tena kunguruma, kuna kosa, hata kama programu inayotoka ni sahihi. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na bado mara nyingi kinarukwa.

Tazama nani anamtegemea nani

Chukua DHIS2, programu inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kongo inaitumia kukusanya takwimu za zoni za afya, Lusangi ikiwemo. Msingi wake umeandikwa kwa Java na kugawanywa katika moduli. Chini kuna dhis-api, juu yake dhis-services, na juu zaidi dhis-web-api inayopokea maombi kutoka nje. Ukibadilisha ya juu, za chini hazina sababu ya kuamka. Ukibadilisha ya chini, zilizo juu yake zina haki ya kuuliza kama zimeguswa.

Mpangilio mzuri unajua tofauti kati ya uso na tumbo. Ukirekebisha hesabu ndani ya kipande cha msimbo bila kubadilisha jina lake wala vitu kinavyopokea na kurudisha, wanaokitegemea wanaendelea kuona uso uleule. Chombo cha ujenzi kama Gradle kinajua kuwaacha majirani hao wapumzike. Basi ukikuta moduli ya chini iliyogeuzwa kapu la kila kitu, ambayo kila mtu anaigusa kila siku, umeshapata chanzo cha kelele. Igawe: yanayobadilika kila wiki yakae mbali na yasiyobadilika mwaka mzima.

Kagua saa

Stuart Feldman alipotengeneza chombo cha ujenzi kiitwacho make katika Bell Labs mwaka 1976, alichagua kipimo rahisi: msimbo ukiwa na tarehe ya karibuni kuliko kilichojengwa, jenga upya. Vyombo vingi vingali vinafuata njia hiyo, nayo inafaa maadamu saa inasema kweli.

Huku kwetu saa hudanganya. Kompyuta kuukuu ambayo kibetri chake cha saa kimekufa ikizimika, huamka miaka mingi nyuma, na bila intaneti hakuna wa kuisahihisha. Msimbo una tarehe ya mwaka huu, lakini kila kinachojengwa kinapata tarehe ya zamani. Mtoto anazaliwa akiwa na umri mkubwa kuliko mama yake! Make inaona msimbo ni mpya kuliko matokeo, inajenga tena, na kesho itajenga tena, bila mwisho. Kabla ya kulaumu programu, tazama tarehe.

Flashi nayo ina mtego wake. Zilizopangwa kwa mtindo wa FAT huandika saa ya mahali, bila kusema ni ya ukanda gani, na Maniema iko saa moja mbele ya Kinshasa. Ukilinganisha kazi iliyotoka Kasongo na nakala iliyobaki Kinshasa, mafaili ambayo hayakuguswa yanaweza kuonekana yamesogea saa nzima. Chombo kinachoangalia saa peke yake kitayahesabu kuwa mapya. Bazel, chombo ambacho Google ilikitoa kwa umma mwaka 2015, hupima yaliyomo ndani ya faili. Yaliyomo yakiwa yaleyale, tarehe haimsumbui mtu.

Tafuta wa kwanza kuamka

Kelele ikiendelea, usihesabu miradi iliyojengwa upya. Tafuta ule ulioanza, maana mingine imeamshwa nao. Kisha kiulize chombo sababu: make ina `--debug`, Gradle ina `--info`, na chombo kingine, Ninja, kina `-d explain`. Soma jibu polepole. Mara nyingi utakuta mojawapo ya haya matatu:

- Faili linaloandikwa upya kila ujenzi likiwa na saa ya wakati huo, kwa hiyo halifanani kamwe na la jana. Liandike wakati wa kutoa toleo tu.
- Faili lililotajwa katika mradi lakini halipo, au halitengenezwi kamwe. Mashine inamsubiri mgeni asiyekuja, na kila mara inaona kazi haijaisha.
- Miradi miwili inayomwaga matokeo katika folda moja, kila mmoja ukifuta alama za mwenzake. Kila mmoja upewe folda yake.

Usitumie dawa ya kufuta vyote na kuanza upya. Inanyamazisha dalili leo, ugonjwa unabaki, na inakufundisha kutoiamini kazi yako mwenyewe.

Mwisho, hakikisha mashine inasikia

Kimya peke yake hakitoshi, maana jiwe nalo hunyamaza. Feldman alianza kazi yake kwa tatizo la upande wa pili: mwenzake alikuwa amepoteza asubuhi akisaka kosa katika programu iliyokwisha kurekebishwa, kumbe marekebisho hayakuwa yamejengwa. Kujenga mno na kujenga pungufu ni ndugu wa tumbo moja. Wote wanazaliwa pale utegemezi ulipoandikwa vibaya.

Kwa hiyo baada ya kupata kimya, gusa neno moja kwenye moduli ya juu: iamke hiyo peke yake. Kisha badilisha uso wa moduli ya chini: waamke wote wanaoutumia, na asiamke asiyeutumia. Ukiona hivyo, zima jenereta. Kazi imeiva, na asubuhi utaongeza chumvi tu.