Mapenzi ya Wapelelezi na Swali la Mali Iliyoibwa

Katika madarasa ya siasa tumeulizwa mara nyingi kama filamu za burudani zinastahili kuchambuliwa na makada. Jibu letu ni ndiyo, kwa sababu hakuna burudani isiyo na itikadi. Tuchukue The Thomas Crown Affair, filamu ya Marekani ya mwaka 1999 iliyoongozwa na John McTiernan.

Mchoro wa Monet unaibwa katika jumba la makumbusho la New York. Wapelelezi wawili wanaufuatilia: Michael McCann, askari wa mshahara, na Catherine Banning, wa upande wa bima, ambaye hulipwa fungu la thamani ya kitakachopatikana. Mwizi ni Thomas Crown, tajiri asiyepungukiwa na kitu. Anaiba kwa kujifurahisha tu. Banning anampenda mtuhumiwa wake, na hadithi inakwisha wakiwa pamoja ndani ya ndege.

Kwanza tukubali ubora wake. Mapenzi yale si ya kitoto. Ni ya watu wazima wanaopimana akili, kila mmoja akihofia kusalitiwa. McCann naye anatamka ukweli wa kitabaka: yeye hupambana na wahalifu wanaotesa watoto, na mchoro ule una maana kwa matajiri wachache tu.

Kosa liko hapo hapo. Kwa kuwa hadithini hakuna mnyonge aliyeibiwa, mtazamaji anafundishwa kuupenda wizi. Mapenzi yanakuwa pazia: tunauliza kama wawili hawa watapatana, hatuulizi mali ni ya nani.

Sisi tunayo sababu ya kuuliza. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa pamoja na vitu vingine katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 1990 kilitambuliwa katika makumbusho ya binafsi mjini Geneva, Uswisi. Mwaka 2006 shauri lilifikishwa kwenye kamati ya UNESCO, na mwaka 2010 kinyago kikarudi nyumbani. Miaka 26! Aliyeibiwa hapa si tajiri mwenye bima. Ni umma, na hakuna fungu la fedha linaloweza kuufidia.

Hivyo hatuwakatazi vijana wetu kuzitazama filamu hizi, wala kufurahia mapenzi yaliyomo. Tunawataka wazitazame kwa macho ya mwenye mali, wasije wakamshangilia mwizi kwa sababu tu anapendeza.