Leza ya hewa: mbona mnaisahau fimbo?

Ukisoma maelezo ya leza popote, utakutana na mchoro uleule: ngazi mbili za nishati zenye vidoti, na sharti kwamba vidoti vya juu viwe vingi kuliko vya chini ndipo mwanga ukuzwe. Kwa somo la kwanza, sawa. Tatizo langu ni waandishi wanaoupachika mzimamzima kwenye leza ya hewa, halafu hao wanaondoka.

Hebu tuipige hewa kwa mpigo wa leza wa nanomita 800, unaodumu makumi ya femtosekunde tu. Nitrojeni inapoteza elektroni, na ioni zake zinaweza kukuza mwanga wa nanomita 391. Hapo ndipo ubishi ulipo, kwa sababu uionishaji huacha ioni nyingi zaidi ngazi ya chini. Sasa ukuzaji unatoka wapi?

Mchoro unaficha kwamba molekuli hii si kidoti, ni fimbo fupi. Mpigo uleule unaizungusha, na kwa kuwa mzunguko wake hufuata hatua za kwantamu, fimbo hurudi kujipanga pamoja kila baada ya muda: kama pikosekunde 8.6 kwa ngazi ya chini, na 8 hivi kwa ya juu, ambako fimbo ni fupi kidogo. Yaani, hazibaki sawia.

Mwanga wa nanomita 391 hutolewa na kufyonzwa zaidi fimbo ikilala sambamba na mtikisiko wa mwanga. Basi kuna nyakati ambapo za juu zimelala sambamba huku za chini zimekingama: za juu zinatoa, za chini zinafyonza kidogo. Kumbe ukuzaji unawezekana hata za juu zikiwa chache, ilimradi zisipungue mno! Maria Richter na wenzake waliijenga hoja hii katika jarida la Optica mwaka 2020, na kwangu ni nzuri sana.

Ila wanaoishangilia nao wasizidishe. Haifuti hoja nyingine, kwamba mpigo huhamishia ioni za chini kwenye ngazi ya tatu iliyo katikati, ya chini ikabaki na upungufu. Zote mbili zinaweza kutokea kwa pamoja, kutegemea nguvu na muda wa mpigo.

Kwa hiyo tafuta grafu ambayo mpigo wa pili, dhaifu, umecheleweshwa hatua kwa hatua. Ukuzaji ukigeuka ufyonzaji, kisha ukarudi kwa mapigo ya mzunguko, fimbo zina mkono hapo. Spektra moja ya papo kwa papo haitakuonyesha hilo.