Masjala ya Serikali

Barua inayoingia ofisi ya serikali Tanzania hupitia masjala kwanza. Karani huigonga muhuri wa tarehe, huiandika kwenye rejista, huipa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada, huitoboa na kuifunga kwenye jalada lake. Kisha hufuatilia jalada hilo likihama meza hadi meza. Majalada ya utawala wa Wajerumani na Waingereza yaliyotunzwa yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Sheria ya mwaka 2002 ya kumbukumbu na nyaraka iliweka utaratibu wa kuzitunza na kuziteketeza. Leo barua nyingine huja kwa mfumo wa kielektroniki. Mstaafu hupata pensheni yake kwa kuwa barua yake ya ajira iliwekwa mahali pake miaka mingi iliyopita.