Nakshi za Hurumzi, Mninga wa Tabora

Mtu wa Cheyo, hapa Tabora, akifika Unguja, wenyeji humpeleka Forodhani jioni na Darajani asubuhi. Mimi namshauri aanzie Hurumzi. Katika mtaa huo mwembamba wa Mji Mkongwe, katikati ya maduka ya vinyago na vitambaa, lipo hekalu la Kihindu, Shree Shiv Shakti Mandir, na mnara wake unachungulia juu ya mapaa ya mabati, jirani kabisa na minara ya misikiti. Mgeni huvua viatu na kuingia kwa adabu. Waumini huja na maua na dua zao. Mimi nilikwenda kwa ajili ya mafundi, maana ukitoka hapo ukaanza kutazama milango ya mtaa, unaona wazi kwamba mikono iliyozoea kupamba nyumba za ibada ilipamba na nyumba za watu.

Kutch na Gujarat, huko India, ni nchi za watu wanaojua kuchonga. Hekalu la jua la Modhera, la karne ya 11, limechongwa kila nguzo, na seremala wa huko alirithi maua yaleyale akayatia kwenye mbao. Yungiyungi kwao ni kiti cha miungu. Juu ya mlango, katikati ya kizingiti, hukaa Ganesh mwenye kichwa cha tembo, anayeombwa mwanzoni mwa kila jambo. Mafundi hao walivuka bahari kwa majahazi ya msimu na kupata kazi kwa matajiri wa Kiislamu. Palepale pa Ganesh, mwenye nyumba wa Unguja akaandikisha aya, au jina lake na mwaka wa Hijria. Yungiyungi lilibaki. Nalipenda sana jambo hili: dini mbili hazikukubaliana juu ya nani aabudiwe, lakini zilikubaliana juu ya ua. Sultani Barghash, aliyewahi kuishi uhamishoni Bombay, alipotawala kuanzia 1870 hadi 1888, mtindo wa Kihindi ulishamiri zaidi: vichwa vya milango vya mviringo, majani yaliyosongamana, njumu za shaba.

Mtazame fundi akichonga ua moja tu. Analichora kwa penseli na bikari, kisha anakata ukingo wake kwa patasi nyembamba, akigonga kwa nyundo ya mti, tap tap, bila haraka. Halafu anachimba pembeni. Wasiojua hudhani ua huinuliwa juu ya ubao. Kumbe ubao wote unashushwa, ua likabaki pale lilipokuwa tangu mti ukiwa msituni. Petali anaziviringisha moja moja, akigeuza patasi kufuata nyuzi za mbao, kwani akizipinga petali itamegeka. Petali ikimegeka haina gundi ya kuirudisha kwa heshima. Akifika kwenye mfaa, ule mhimili wa katikati unaofunika pengo la mbawa mbili, anapunguza hata pumzi, kwa sababu hapo ndipo macho ya kila mgeni hutua.

Sasa turudi bara, kwetu Tabora. Banyani, wafanyabiashara wa Kihindu, wengi wao walibaki pwani, lakini fedha zao zilitembea. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilishika ushuru wa forodha ya Unguja kwa miaka mingi ya karne ya 19, na misafara mingi iliondoka kwa mikopo ya Wahindi. Huku kwetu walifika Waarabu, Waswahili na Wahindi Waislamu wachache. Musa Mzuri, mtu wa Surat, alikuwa na makazi yake Kaze, ndiyo Tabora ya leo, na mpelelezi Mwingereza Speke alipokelewa naye. Pembe za ndovu zilishuka hadi Bagamoyo mabegani mwa Wanyamwezi, zikavushwa hadi Bombay, na nyingine zikakatwa bangili za maharusi wa Gujarat. Tembo wa misitu yetu akaenda kuvaliwa mkononi. Ua la huko likaja mlangoni.

Lakini njia hiyohiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Milango mingi mizuri ya zama zile ililipiwa kwa pembe na kwa watumwa, na anayeisifu bila kulitaja hilo hajaisifu kwa haki. Sifa zangu ni za fundi, si za mwenye mlango.

Nenda Kwihara, kilometa chache kutoka mjini, kwenye tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Kuta ni za udongo, nene, paa ni la bapa, na vyumba vina ubaridi hata jua la Oktoba likichoma. Katika udongo huo wote, ni mlango wa mbao wenye nakshi unaokueleza kwamba aliyejenga hapa alikuwa na macho yake pwani. Wageni wengi hukimbilia kusoma habari za Wazungu wawili. Mlango hupitwa tu.

Na sisi ndio wenye mninga! Msitu wa miombo wa Tabora unatoa mbao ambazo fundi yeyote wa nakshi angezitamani: ngumu kiasi, haziliwi ovyo na wadudu, hazipindi zikishakauka, na rangi yake haihitaji kupakwa kitu zaidi ya mafuta. Tunazipasua, tunazipakia kwenye malori, zinakwenda Dar es Salaam zikiwa ubao mtupu. Karakana zetu zinatengeneza vitanda na makochi imara sana, na vijana wake wana mikono mizuri. Nimewaona wakikata ulimi na tundu vikaingiana bila msumari. Hawajaonyeshwa nakshi tu.

Halmashauri na vyuo vya ufundi vya mkoa huu vialike mafundi wa Unguja waje kufundisha hapa, kwenye mbao zetu, na wanafunzi wapelekwe Kwihara wakaanze kwa kuupima na kuuchora ule mlango kwa penseli. Patasi zinauzwa sokoni. Mzazi mwenye kijana anayependa mbao asisubiri tangazo. Amtafutie mwalimu sasa, wazee wa kazi hii wangali hai.