Sifa za Fundi wa Maneno Madogo

Anayejifunza Kiingereza hujiona amefika akishalijua "set", yaani kuweka, na "off", yaani kutoka au mbali. Maneno hayo yakiambatana, humgeuka. Msafiri akishika njia, ni "set off". Baruti ikilipuliwa, ni hiyo hiyo. Paka akipita dirishani akaamsha kengele ya wezi, deni moja likifuta jingine, kilemba cheupe kikiupendezesha uso: yote "set off". Waingereza wenyewe hawaoni fumbo, wameyanyonya pamoja na maziwa ya mama.

Ndiyo maana namvulia kofia Samuel Johnson. Katika dibaji ya kamusi yake, iliyochapishwa London mwaka 1755, alisema kuwa hapa ndipo mgeni anapopata taabu kubwa kuliko zote, na kwamba amevikusanya vitenzi hivi kwa makini, ingawa hakujidai kuvimaliza. Alikuwa akiwatungia Waingereza kamusi yao, akamkumbuka aliyesimama mlangoni. Huo ni uungwana.

James Murray, mhariri wa kamusi kuu ya Oxford, alirithi umakini huo. Alifanya kazi katika kibanda cha mabati kilichojaa vikaratasi vya mifano, vilivyoletwa kwa posta na watu wa kujitolea. Alifariki mwaka 1915. Kamusi ikakamilika 1928.

Anayenistaajabisha zaidi ni John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham. Miaka ya 1980 yeye na wenzake walijaza kompyuta mamilioni ya maneno yaliyotoka vitabuni, magazetini na vinywani mwa watu, kisha wakaitaka itoe kila sentensi yenye neno fulani, neno lenyewe likiwa katikati, mstari chini ya mstari. Akaitazama "set in", ambayo kwa kifupi ni kuanza na kuota mizizi. Ni nini huanza hivyo? Uozo. Maambukizi. Kukata tamaa. Karibu vyote ni vibaya. (Majira ya baridi nayo huingia hivyo hivyo, na aliyeyaonja ya Birmingham hatashangaa.) Wenye lugha walikuwa wakiifuata kanuni hiyo bila kufundishwa na yeyote. Fundi hakuitunga, aliisoma mistari hadi ikajitokeza.

Kwetu neno la kujipimia ni "piga". Tunapiga pasi, kura, mbizi, magoti na chenga, na hakuna anayeumia. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu kwenye "piga", soma hadi mwisho, kisha andika pembeni kwa penseli maana zile ulizozisikia sokoni na humo hazimo.