Tiara nzuri ya mawimbi ni ile inayojua kuacha kuvuta



Juma iliyopita mtu alituma kwenye kundi letu video ya kijana anayeteleza juu ya wimbi huko Paje, Unguja, amefungwa kiunoni na tiara kubwa ya rangi ya machungwa. Maoni yalifika mbio. "Michezo ya wenye pesa." "Huyu atakufa tu." Na mdogo wetu mmoja wa promosheni ya juzi akauliza swali lililokuwa na akili kuliko yote: ile kitambaa ya juu inafanya kazi gani hasa, na iliyo nzuri inatofautiana wapi na mbaya? Hakuna aliyemjibu. Tulirudi kubishana juu ya Maniema Union.

Mimi nataka kumjibu, na nitajibu kama mtu wa kilimo. Sijawahi kupanda ule ubao. Hapa Kindu upepo wa kazi hiyo hatuna, isipokuwa ule wa dakika chache kabla ya mvua, ule unaotoa mabati ya watu. Lakini kitu kimoja tulichojifunza kwenye lisansi ya agronomia ni kuhukumu chombo. Jembe huwezi kulihukumu dukani. Unalihukumu shambani, na ni lazima useme shamba gani.

Tuanze na chombo chenyewe. Tiara ya mchezo huu haiko na vijiti kama zile tulizotengeneza utotoni na mifuko ya plastiki. Iko na mrija mnene wa mbele unaojazwa hewa kwa pampu mpaka unakuwa mgumu kama gurudumu la baiskeli, na mbavu za hewa zinazotoka kwenye mrija ule kwenda nyuma. Kati ya mbavu kumetandazwa kitambaa chepesi cha poliesta. Kamba nne za meta 20 na kidogo zinashuka mpaka kwenye fimbo ambayo mchezaji anashika. Mvuto wenyewe haukai mikononi, unakaa kwenye mkanda wa kiunoni. Ukivuta fimbo karibu na mwili, tiara inakamata upepo. Ukiisukuma mbali, inaachilia.

Waliofikiria mrija ule ni wandugu wawili wa Bretagne, Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, na hati yao ya uvumbuzi waliiomba mwaka 1984. Angalieni shida waliyokuwa wanatafuta kuimaliza. Haikuwa mwendo, haikuwa kuruka juu. Ilikuwa hii: tiara ikianguka majini, itainuka namna gani wakati mwenyewe yuko mbali nayo, anaogelea? Mrija wenye hewa unaelea, na ukivutwa vizuri kwa kamba moja unageuka na kupanda tena. Ilipita zaidi ya miaka 10 mbele watu wengi waanze kununua. Tiara zao za Wipika zilitoka sokoni mwaka 1997. Kwa hiyo mchezo wote huu ulizaliwa kutokana na swali la kuanguka. Wauzaji wa leo wanasahau jambo hilo.

Tiara za miaka ile zilikuwa na umbo la herufi C. Zilivuta vizuri, ila zilivuta wakati wote. Hata ukisukuma fimbo mpaka mwisho wa mkono, nguvu nyingi ilibaki, na upepo ukiongezeka ghafla ulikuwa unabebwa. Karibu na mwaka 2005 lilikuja umbo la upinde, lenye hatamu, yaani kamba ndogo ndogo zinazoshika mrija wa mbele sehemu nyingi. Kwa hatamu ile, fimbo ikisukumwa karibu nguvu yote inaondoka. Kwangu mimi hapo njo mchezo wa mawimbi ulipoanza kuwezekana kwa mtu wa kawaida.

Kwa nini? Sababu kwenye wimbi kuko injini mbili. Mchezaji aliye kwenye maji tulivu anahitaji tiara imvute muda wote, ikiacha, anazama. Mchezaji aliyekwisha kukamata wimbi iko na injini nyingine chini ya miguu. Kuanzia dakika hiyo tiara inakuwa kama mgeni aliyekwisha kula: kazi yake ni kukaa vizuri na kutosumbua.

Nifanye hesabu kidogo, musikimbie. Upepo wa noti 18 ni karibu kilometa 33 kwa saa. Wimbi likimbeba mtu kwa kilometa 20 kwa saa kwenda upande ule ule upepo unakokwenda, na tiara ikienda naye sawa, upepo unaobaki kwa tiara ni kilometa 13 tu. Hiyo ni kama asilimia 40 ya ule wa kwanza. Lakini nguvu ya upepo inafuata mraba wa mwendo wake, kwa hiyo nguvu inayobaki ni karibu asilimia 16. Kamba zinalegea. Hapo tiara mbaya inakimbia mbele mpaka juu ya kichwa cha mwenyewe, inakosa upepo, na inaanguka kama jani. Sasa mtu yuko mbele ya wimbi, kamba nne zimelala majini kumzunguka, na nyuma yake maji yanakuja kuvunjika. Nzuri inarudi nyuma polepole pamoja na upepo, kamba zikiwa bado zimelegea, kichwa chake kikiwa bado kimeangalia juu, na zikikaza tena inaitika mara moja.

Mwenye kuvusha watu kwa pirogi kutoka Kasuku kwenda Alunguli anaelewa jambo hili kuliko muuzaji wa tiara. Anapanda kwanza kando ya mto, kisha anaachia mkondo umshushe mpaka pale anapotaka. Pirogi mbaya haujui ubaya wake wakati wa kupiga kasia. Unaujua ukiacha, inapogeuza ubavu kwa maji. Na washabiki wa mpira, si tunahukumu mshambuliaji kwa anavyotembea bila mpira? Hiyo hiyo.

Kutoka kwenye sifa hiyo zingine zinafuata karibu zenyewe. Tiara inayoelea na kamba legevu ni lazima iwe nyepesi, na wepesi unapatikana kwa kupunguza mbavu. Njo maana zile zilizotengenezwa kwa mawimbi, kama Neo ya Duotone ao Reo ya Ozone, ziko na mbavu tatu tu, wakati nyingine za kuruka juu zinakuwa na tano. Mbavu tano zinashika umbo vizuri zaidi upepo ukiwa mkali, sikatai. Lakini kila ubavu ni kitambaa na hewa vya kubeba, na uzito unaangusha. Umbo pia linakuwa fupi na pana, si refu na jembamba, sababu refu linakimbilia mbele na linageuka taratibu. Kwenye wimbi tiara inatakiwa igeuke pale pale, mahali padogo, bila kumpiga mtu mvuto wa ghafla, kwa maana anataka kubadilisha upande sawa na wimbi linavyojikunja, na wimbi halimngojei. Mwisho iwe ngumu. Meta ya maji ikivunjika juu ya kitambaa si mchezo. Mishono ya mbele inapasuka kwanza.

Sasa mufananishe na Olimpiki. Mwaka 2024 mchezo wa tiara uliingia mara ya kwanza, mashindano yalifanyika Marseille, na walioshinda dhahabu ni Ellie Aldridge wa Uingereza na Valentin Bontus wa Austria. Tiara zile za mbio ni ndefu, nyembamba, hazina mrija wa kupampu. Ziko na vyumba vingi vinavyojazwa na upepo wenyewe kupitia matundu ya mbele. Kwa mwendo hakuna inayozifikia. Peleka moja kwenye mawimbi yanayovunjika, iangushe mara moja, maji yaingie kwenye vyumba. Utakuwa unavuta mfuko wa mchele uliolowa. Chombo kilichoshinda dunia nzima, na hapo hakina thamani.

Hapa njo ugomvi wangu na wanaoandika tathmini za vifaa hivi. Nimesoma nyingi, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, na karibu zote zinaishia sentensi moja: inafaa kwa kila kitu. Kuruka, mbio, mawimbi, wanafunzi. Bon, sisi tuliosoma udongo, mtu akituletea mbegu "inayofaa kila udongo" tunamuuliza kwanza anauza shilingi ngapi. Mpunga wa nchi kavu si mpunga wa bondeni, hata gunia likiwa na picha moja. Tiara mpya inapita dola 1000 bila kamba na fimbo. Kijana wa pwani anayetaka kuwa mwalimu wa mchezo akinunua ya "kila kitu", amenunua ya kutofanya jambo moja vizuri, na amelipa pesa ya miaka.

Turudi Paje, shamba lenyewe. Pwani ya mashariki ya Unguja inapokea kusi, karibu Juni mpaka Septemba, na kaskazi, karibu Desemba mpaka Machi. (Sisi Kindu tunasema kusini na kaskazini kila siku, na hatukumbuki kwamba ni majina ya pepo zilizosukuma majahazi. Lugha ilitufikia pamoja na misafara ya kutoka pwani, pepo zikabaki baharini.) Mbali kidogo na ufuko kuko mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi. Ndani ya mwamba maji ni tulivu na hayana kina. Huko njo shule zinafundishia. Nje, pale kwenye mwamba, kuko mawimbi ya kweli. Na pepo zote mbili zinaingia kwa pembe kuelekea nchi kavu, maana yake mtu akishuka na wimbi anaenda kidogo upande wa tiara yake. Ile hesabu ya kamba kulegea ni ya Paje kabisa. Kwa hiyo tiara inayosifiwa na wanafunzi ndani inaweza kuwa mbaya kwa meta mia chache nje, kijiji kile kile, upepo ule ule.

Kuko jambo lingine ambalo sijaliona kwenye tathmini hata moja. Maji yale tulivu si uwanja mtupu. Ni shamba. Kilimo cha mwani cha kuuza kilianza Zanzibar mwaka 1989, huko huko Paje na Jambiani, na wanaokifanya wengi ni wanawake. Wanapigilia vijiti kwenye mchanga, wanafunga kamba, wanafunga mwani kwenye kamba, na maji yakitoka wanaenda kuvuna. Tiara inayoanguka na kukataa kuinuka inaburuta kamba zake juu ya kamba zao, na mtu aliye nyuma anaburutwa juu ya vijiti. Mimi nikiandika tathmini, alama ya kwanza ingekuwa hiyo: inainuka haraka gani, na kufyatua kwa usalama kunaua nguvu yote ao nusu? Mtanisema nimeingiza kilimo kila mahali. Nimeingiza sababu kiko pale.

Anayetaka kuona kazi nzuri atafute video za Mitu Monteiro wa Cabo Verde, bingwa wa dunia wa mawimbi mwaka 2008, ao za Airton Cozzolino, naye mtoto wa kisiwa cha Sal. Pale Ponta Preta upepo unatoka nchi kavu, kinyume na Paje, na chini kuko mawe makali. Muangalie mara ya kwanza mtu, mara ya pili tiara peke yake. Airton anapoteleza bila kufunga miguu kwenye ubao, tiara ikivuta kwa ghafla kidogo tu ubao unabaki nyuma. Mara nyingi inakaa tu, kama haina kazi. Hapo njo muone ufundi uko wapi.

Mmoja aliniandikia pembeni kama mchezo huu unaweza kufanyika Kalemie. Upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi kwenye Tanganyika uko na nguvu ya kutosha, wavuvi wanaujua. Lakini mawimbi ya ziwa ni mafupi, yanafuatana karibu karibu, hayakupi muda wa kupumua kati ya moja na lingine. Kule ningetaka tiara ndogo kuliko ya Paje, nyepesi, yenye kuinuka upesi kuliko zote, na mbele ya hayo yote mashua yenye motere inayongoja. Bila mashua, hapana.

Na kwa anayefikiria kununua iliyotumika: kwa mtu wa kilo 75 kwenye kusi ya kawaida, meta 9 za mraba, mbavu tatu. Muijaze hewa jioni, muilaze ndani ya nyumba, muiguse asubuhi. Ikiwa imelegea, muuzaji apunguze bei ao airudishe. Kisha muangalie mishono ya mrija wa mbele, sentimeta kwa sentimeta, na hatamu zake, sababu zile kamba ndogo zinachakaa kwanza na hakuna anayezipiga picha.